Kapusta

Daktari Halvorsrud hakuandika vidonge.
Aliandika: dengu, vikombe viwili kwa juma.
Shayiri. Maharage mekundu.
Kabichi, kila siku ukiweza.
Akaing'oa karatasi, akanikabidhi kama faini.

Nilicheka. Mimi, Bernard Gapinski,
mwana wa muuza soseji wa kusini mwa Milwaukee,
niliyeachishwa ziwa kwa siagi,
nile majani? Mimi sungura?
Akanigeuzia kioo cha mashine nijionee:
mishipa mitatu, mmoja na nusu umeziba
kama bomba la jikoni baada ya Krismasi.
"Mafuta haya hayakushuka na mvua," akasema.
"Yalipita mdomoni."

Nje, theluji ya Februari ilikuwa imekata shauri kubaki.

Nilimjua. Yeye hakunijua.
Nani humkumbuka mwosha vizimba?
Miaka thelathini na minne nyuma, chini ya chuo cha udaktari,
ghorofa isiyo na dirisha,
mimi na mpira wa maji na ndoo ya klorini
na mbwa ishirini na sita wenye namba sikioni.
Majina yalikatazwa. Jina huzaa swali.
Lakini 417 alizoea kulalia buti langu,
nikamwita Kapusta,
yaani kabichi, kwa lugha ya bibi yangu,
kwa sababu alikuwa mviringo
na harufu ilikuwa ileile.

Jumanne wakaja wanafunzi, wanne kila meza.
Somo: dawa ikiingia, moyo hufanyaje.
Jibu lilikuwa vitabuni tangu babu zao ni wavulana.
Msichana mwembamba, nywele rangi ya mabua,
alishika sindano. Akaitazama. Akamtazama Kapusta,
ambaye mkia wake, hata katika nusu usingizi,
ulikuwa unagonga meza: ta, ta.

Hakupiga kelele. Hakulia.
Alisema, "Sitafanya,"
kama mtu anayekataa kikombe cha pili.
Profesa akamwambia huruma haijamponya mtu.
Akavua glavu, moja, nyingine.
Mimi nikamshikia mlango.

Sitadanganya: mbwa alikufa.
Mkono mwingine uliiokota ile sindano.
Jioni nikambeba, bado ana joto,
nikaosha kizimba chake mara mbili,
Ijumaa nikapokea mshahara, nikanunua soseji.

Hayo sikuyasema. Nilivaa shati, vifungo vikanigomea.
Nikafika mlangoni, nikarudi.
"Daktari. Yule wa meza ya tatu
alikuwa na jina."

Alinyamaza hata muuguzi akachungulia.
Kisha akaniambia kwamba kila vuli
yeye na wenzake kumi na mmoja huvaa makoti meupe
wakaketi mbele ya baraza la chuo,
wakaomba wanyama waliobaki, siku hizi nguruwe, waachwe,
wanafunzi wapewe mioyo ya mpira na ya kompyuta;
kwamba mwaka juzi walikubaliwa nusu.
"Nusu," akasema, "kama ule mshipa wako."
Na kwamba miaka yote hiyo
hakujua amwite nani.

Nikamwambia. Na maana yake.
Akaichukua karatasi yangu, akasoma mstari wa mwisho,
na kicheko kikamtoka, kibaya, cha puani,
chenye maji ndani.

Sasa ni Aprili. Usiku naloweka maharage.
Irena analalamika nyumba inanuka kama jiko la watawa.
Jumamosi moja moja naiba kipande cha soseji,
cha ukubwa wa dole gumba; daktari anajua,
damu yangu ni mbea.
Lakini kila jioni naweka kabichi kwenye ubao,
zito, mviringo, jani limemkumbatia jani,
na kisu kinaanza:
ta, ta.
Nasimama kidogo.
Kisha naendelea kukata.